Nipe Mji, Kamanda

Kitendawili.

Mbona kimya? Kitendawili.

Haya, sikilizeni: Kila nikiusogelea unanikimbia, nikichoka nikaketi na wenyewe unaketi.

Nani kasema kivuli? Kivuli sicho, kivuli ukiketi unakikalia. Mwezi nao hapana. Basi mmeshindwa, nipeni mji. Handeni? Asanteni. Nimekwenda Handeni, nimepokewa vizuri, nimekula ugali kwa kuku wa kienyeji, nimeoga maji ya moto, nimelala, nimerudi. Jibu lake ni upeo wa macho, pale mbingu inapoonekana kushuka ikagusa ardhi. Na Handeni yenu nimewarudishia. Ipo pale pale, wenyewe hata hawajui kama walitolewa.

Hivyo ndivyo mchezo huu unavyochezwa na watu wenye akili zao. Lakini kulikuwa na nchi moja, si hii yetu, wala si ya jirani, wala msiniulize iko upande gani, ambako watoto walinyang'anywa mchezo huu, ukapewa wanajeshi.

Nchi hiyo iliitwa Dola Pana, na mtawala wake Mheshimiwa Mpanuzi. Dola Pana haikuwa ikimvamia mtu. Kuvamia ni tabia mbaya, na sheria yao ilikataza. Wao walifika kwenye lango la mji wa watu wakiwa wamevaa vizuri, wakasalimia, wakasema, "Kitendawili." Wenyeji wakiitikia "Tega," wanategewa. Wakishindwa, wanaombwa mji. Mizinga iliyosimama nyuma ya jeshi, midomo ikiangalia langoni, ilikuja kusikiliza tu. Na mji ambao watu wake walikataa kusema "Tega" ulihesabiwa umemkosea mgeni adabu, na kwa hilo kulikuwa na utaratibu mwingine ambao siusemi mbele ya watu wanaokula.

Mji ukishatolewa haukurudishwa. Ulibadilishwa jina ukaitwa Upana wa Kusini, au Upana Mpya, au Upana Mwingine. Unga wake ukapakiwa kwenye mikokoteni, vijana wake wakavishwa kofia, wakaenda mbele kutegea wengine.

Aliyesimama mbele ya malango hayo yote, akasema "Kitendawili" mpaka sauti ikamkauka, aliitwa Shehondo, Kamanda wa Mpaka.

*

Shehondo alikuwa mtu wa Kwemakame, mji mdogo wenye kisima kimoja na ugomvi mmoja, na ugomvi wenyewe ulikuwa wa kisima. Aliingia jeshini akiwa mpiga filimbi ya kuamshia wenzake. Siku moja kamanda wa wakati huo alisimama mbele ya lango la watu, akaanza kutega, akasahau katikati. Akabaki mdomo wazi. Jeshi kimya, mji kimya. Shehondo, kule nyuma kwenye filimbi, akamalizia kitendawili kwa sauti, kwa mazoea tu, kama anavyomalizia mtu sala akimsikia mwenzake amekwama. Mji ukashindwa. Yule kamanda akahamishiwa bohari ya ngoma, na Shehondo akapewa cheo.

Wakati huo alikuwa ndiyo kwanza amemwoa Sikudhani. Akasomewa sheria ya cheo chake, nayo ilikuwa fupi: Kamanda wa Mpaka atakaa mpakani, hapo na si kwingine. Siku mpaka utakapotulia, atakwenda kwao.

"Si kazi ndefu," alimwambia mkewe. "Nikijitahidi nitamaliza upesi."

Masikini, alidhani ni kama palizi. Alijitahidi sana, na kila alipofaulu, mpaka ulisogea mbele, na yeye ukamkokota. Kama angekuwa mvivu angebaki karibu na nyumbani. Hilo alikuja kuligundua akiwa amekwisha kuwa hodari, na jina la uhodari likishakushika halikuachii.

Alipewa pia msaidizi, Bwana Makorani, Mratibu wa Majibu. Vitendawili vilitungwa na Wizara huko makao makuu, lakini jibu lilikaa kwa Makorani, mtu mwembamba mwenye sauti ya kutangaza msiba wa tajiri.

Mji wa kwanza waliofika pamoja, Shehondo alitega: "Kwenye kila chakula kipo cha kwanza, na hakinenepi."

Wenyeji wakacheka. "Kijiko," wakasema.

"Sivyo," alisema Makorani. "Jibu ni Mheshimiwa Mpanuzi. Kwenye kila jambo yeye ndiye wa kwanza, na hanenepi."

Mzee mmoja akainua mkono. "Bwana mkubwa, sisi tumesikia hata mlangoni hapiti."

"Ule si unene," alisema Makorani. "Ule ni upana."

Bendera ikasimikwa. Habari zikaenea, na mji uliofuata haukuhangaika kufikiri. Shehondo hajamaliza kutega, wenyeji wote wakaitikia kwa pamoja, "Mheshimiwa Mpanuzi."

Makorani akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Sahihi," alisema. "Na kama mnamjua kiasi hicho, huku nje ya Dola mnakaa mnafanya nini?"

Bendera ikasimikwa.

*

Kila mji ulipoingia, kofia ya Shehondo iliongezewa pete ya shaba. Mwanzoni alipendeza. Baadaye kofia ikawa ndefu kuliko yeye, ikabidi aajiriwe askari wa kutembea nyuma yake na mti wenye panda, akiitegemeza. Askari huyo aliitwa Mshika Kofia, na alikuwa na mshahara, sare na msaidizi. Shehondo alipotaka kuinama kufunga kamba ya kiatu, alipaswa kutoa taarifa mapema.

Habari za nyumbani zililetwa na tarishi wa makao makuu, kwa mdomo.

"Mkeo anauliza utarudi lini," alisema tarishi.

"Mwambie mpaka ukitulia."

"Anasema mara ile ulimwambia umebaki mji mmoja."

"Mwambie nyuma ya huo kulikuwa na mwingine."

"Alijua utasema hivyo. Amenituma nikuulize, na nyuma ya huo mwingine kuna nini?"

Shehondo alikuwa anauangalia huo mwingine wenyewe, moshi wa majiko yake ukionekana kwa mbali.

"Anasema pia mibilinganya nyuma ya nyumba imezaa mno. Yeye peke yake haimalizi, na majirani wakimwona na kikapu wanafunga milango."

Safari nyingine tarishi alileta habari ya harusi. Binti yake Shehondo, ambaye alimwacha tumboni mwa mama yake, alikuwa ameolewa. Kwa kuwa Kamanda haruhusiwi kuondoka mpakani, Wizara ilipeleka kofia ya akiba, ikawekwa kwenye kiti cha baba wa bibi harusi. Waliokuwapo wanasema ilikaa vizuri, haikusinzia, na ilipendeza kwenye picha.

"Wakwe wamesemaje?" aliuliza Shehondo.

"Wamesema mzee ni mpole."

Tangu siku hiyo Shehondo alikuwa akitega vitendawili kama mtu anayesoma bei za chumvi. Aliomba kupumzika, akaambiwa mpaka haupumziki. Alisema anaumwa mgongo, wakampa Mshika Mgongo. Mwishowe akaacha kuomba. Alikuwa anataka kitu kimoja tu hapa duniani, kwenda kwao Kwemakame akaketi nyuma ya nyumba, na kila asubuhi kazi yake ilikuwa kukisogeza kitu hicho mbali kidogo.

*

Ndipo wakafika Isenga.

Isenga ni kijiji cha wachemsha chumvi, kwenye ukingo wa mbuga nyeupe isiyoota kitu. Hakikuwa na ukuta, na kwa hiyo hakikuwa na lango. Utaratibu unataka lango. Jeshi likajenga lango, wenyeji wakasaidia kushika mbao, kisha jeshi likaenda mbele yake, likagonga.

"Karibuni, si mmo ndani tayari," alisema mwanamke mmoja mtu mzima, akijifuta mikono kwenye kanga. Huyo ni Bi Nyamizi. Hakuwa mkubwa wa kijiji. Alijibu yeye kwa sababu chungu chake ndicho kilichokuwa kimekwisha kuchemka, wengine bado walikuwa wanakoka moto.

"Kitendawili," alisema Shehondo, macho chini.

Ah, hapo Isenga wote wakaacha majungu yao ya chumvi. Wakaja wakaketi chini, akina mama wakajisogeza, mtu akamfokea mwenzake akae vizuri asizibe watu. "Tega!" wakaitikia, kwa raha, kama watu walioletewa ngoma mpaka mlangoni.

Shehondo alikuwa hajawahi kuisikia "tega" ya namna ile tangu aondoke kwao. Akatega walichotunga Wizara. Wakajaribu hiki, wakajaribu kile, wakataniana. Wakashindwa. Makorani akasema jibu lilivyo, wakatazamana, wakaona ni la kwao wageni, basi.

"Nipeni mji," alisema Shehondo.

"Haya, chukua Isenga," alisema Nyamizi. "Ndio tulio nao."

Bendera ikasimikwa, filimbi ikapigwa. Lakini watu wa Isenga hawakuondoka. Walibaki wamemkodolea macho Kamanda, wanangoja.

"Sasa mbona husemi?" Nyamizi aliuliza. "Umefika salama? Wamekupa nini?"

"Mama huyu anataka nini?" alinong'ona Makorani.

Shehondo alijua anachotaka. Mtu akipewa mji anakwenda, anakula, anasimulia, anarudi. Watu hawa walikuwa wametoa kijiji chao kama kinavyotolewa kwenye mchezo, na walikuwa wanangoja kurudishiwa ili wakachemshe chumvi.

"Nimekwenda Isenga," alisema polepole. "Nimepokewa vizuri. Nimekula viazi vitamu na maziwa ya mgando."

"Na nyama?"

"Na nyama kidogo."

"Kidogo kwa nini, baba? Sisi si wachoyo. Sema nyingi."

"Nyama nyingi," alisema Shehondo, na watu wakacheka wakaridhika.

"Haya," Nyamizi alisema, akijiweka sawa, "sasa zamu yetu."

"Zamu yenu ya nini?" aliuliza Makorani.

"Ya kutega. Kwani kwenu anatega mmoja tu mpaka watu wanalala?"

Makorani akatafuta kichwani kote katika sheria za Dola. Hakukuwa na kifungu kinachokataza. Hakikuwekwa kwa sababu hakuna mji uliowahi kuuliza. Akatazama mizinga, lakini mizinga ilikuwa imekwisha kugeuzwa, maana Isenga sasa ni ya Dola, na mzinga wa Dola hausikilizi wenyeji wa Dola. Isitoshe, askari wenyewe walikuwa wamekwisha kuketi.

"Tega," alisema Shehondo.

"Wanangu wote wana kofia," alisema Nyamizi, "mimi mama yao niko kichwa wazi."

*

Shehondo alilijua jibu kabla Nyamizi hajamaliza kusema. Aliliona kabisa: liko nyuma ya nyumba ya Sikudhani, limesimama kwenye jua, limening'iniza matunda meusi yanayong'aa, kila tunda na kofia yake ya kijani, yenye miiba. Mbilinganya. Neno likaja mpaka kwenye meno.

Akalirudisha.

Alifikiri: nikijibu, nimeshinda. Nikishinda, kesho tunavuka mbuga. Nyuma ya mbuga kuna mwingine.

"Nimeshindwa," alisema.

Mshika Kofia aliyumba. Neno lile halikuwa limewahi kutamkwa na afisa yeyote wa Dola Pana.

"Kamanda anatania," alidakia Makorani, akasogea mbele. "Jibu ni Mheshimiwa Mpanuzi."

"Sivyo," alisema Nyamizi.

Makorani maisha yake yote ndiye aliyesema "sivyo." Hakuwa amewahi kujua linavyosikika likiwa linakuja.

"Haiwezekani," alisema. "Jibu ni yeye. Jibu la kila kitu ni yeye."

"Ana watoto wenye kofia?"

"Wanajeshi wote ni wanawe."

"Na yeye anatembea kichwa wazi?"

Makorani alijua vizuri kwamba Mheshimiwa Mpanuzi hata kulala alilala na taji.

"Basi sicho, baba. Mmeshindwa, nipeni mji, halafu nitawaambia." Akamgeukia Shehondo. "Unatupa mji gani?"

Shehondo akafungua mdomo, lakini Makorani alimwahi. "Kamanda hana mji. Miji yote ni ya Mheshimiwa. Lazima tuulize makao makuu."

"Ulizeni," alisema Nyamizi, akasimama. "Mimi chumvi yangu inangoja kuanikwa. Lakini jibu bila mji sitoi."

*

Tarishi akakimbia, na hapo ndipo kazi zote za Dola zilipokwama.

Mawaziri walikutana kujadili utolewe mji gani. Kila mmoja alikubali kwamba sharti mji utolewe kwa heshima ya Dola, na kila mmoja alikuwa na sababu nzito kwa nini usiwe wa kwao. Mmoja alipendekeza wapewe mji uliotekwa karibuni. Wenzake wakamzomea: mji mmoja ukirudishwa, mingine itajua kumbe inarudishwa. Mwingine alipendekeza watoe mji usiokuwapo, lakini Waziri wa Ramani akasema miji isiyokuwapo yote imekwisha kugawiwa wakubwa.

Na katikati ya mjadala, waziri mmoja alisimama akasema, "Uyoga." Wote wakageuka. "Sikilizeni, uyoga una kofia." Wakabishana juu ya uyoga mpaka jioni, tarishi akatumwa Isenga, Nyamizi akasema sivyo, tarishi akarudi. Wakapeleka "misumari." Sivyo. Wakapeleka "chuo cha maaskofu." Nyamizi akauliza hicho ni kitu gani, akaelezwa, akasema sivyo.

Aliyeumia kuliko wote ni Mheshimiwa Mpanuzi. Alikuwa hali, anazunguka ukumbini akiwashika watu mikono. "Kama si mimi," aliuliza, "ni nani?" Hakuna aliyethubutu kukisia.

Kule Isenga, Shehondo alikaa kwenye kigoda karibu na majungu ya chumvi, analo jibu mdomoni, anangoja. Alidhani walau mpaka umetulia.

"Haujatulia, afande," Makorani alimwambia. "Umesimama kwa muda. Nimeuliza."

"Tofauti yake nini?"

"Mpaka ukitulia, wewe unakwenda kwenu. Ukisimama kwa muda, wewe unabaki hapa."

Nyamizi alikuwa akipita hapo na kikapu. Kila akipita aliuliza, "Vipi, baba, mji gani?" na Shehondo alisema, "Bado, mama." Siku nyingine aliongeza, "Uwe mzuri lakini. Mimi nikienda mahali nakwenda kula."

"Mtafanya nini huko?" Shehondo aliwahi kumwuliza. "Mtaweka bendera?"

"Bendera ya nini? Tunakwenda, tunakula, tunasema asante, tunarudi. Watu wana kazi."

Shehondo aliitikia kwa kichwa taratibu, kwa sababu ya kofia.

*

Hatimaye tarishi akaja na uamuzi. Alikuwa amechakaa, viatu vimeisha visigino. Makorani akawapanga askari mstari, akasafisha koo, akautangaza mbele ya kijiji kizima.

"Wizara imetafakari kwa kina, na kwa kuwa kila mji una mwenyewe na mwenyewe ana ndugu serikalini, imeamua kwamba Kamanda achague mji wa kutoa kwa hiari yake, ili lawama nayo iwe yake. Asimjulishe mtu mpaka awe amekwisha kuutaja. Mji utakaotajwa utahesabika papo hapo kuwa si wa Dola. Na kwa kuwa utakuwa si wa Dola, pale utakapokuwa ndipo utakapokuwa mpaka, na Kamanda wa Mpaka atauendea siku hiyo hiyo, akae mbele ya lango lake, hapo na si kwingine, akingoja kitendawili kutoka Wizarani."

Shehondo aliinua macho. "Rudia hapo mwisho."

"Akingoja kitendawili kutoka Wizarani."

"Kabla ya hapo."

"Atauendea siku hiyo hiyo, akae mbele ya lango lake, hapo na si kwingine."

"Hata kama uko nyuma? Hata kama uko katikati ya nchi?"

"Sheria haina nyuma wala katikati, afande. Penye mji usio wetu ndipo penye mpaka." Makorani akamsogelea, akashusha sauti, na kwa mara ya kwanza ilikuwa sauti ya mtu. "Mimi nakushauri uchague mahali penye chakula na kivuli. Utakaa sana. Pale Wizarani hawatungi chochote siku hizi. Wote wanawaza kofia."

"Watamaliza lini kuwaza?"

"Mama huyu akisema jibu, watabishana kama ni sahihi. Wanaweza wakazeeka."

"Na wewe utakwenda nami?"

"Mimi ni wa majibu. Mpaka waseme kitendawili ni kipi, sina kazi."

Watu wa Isenga walikuwa wamekwisha kuketi tena, wamejipanga kama siku ile ya kwanza, majungu yakitokota nyuma yao bila mtu. Askari walisogea karibu. Mshika Kofia alikuwa amesahau kushika, na kofia ikaegemea upande mmoja.

Nyamizi aliweka kikapu chake chini.

"Haya, baba," alisema. "Tumengoja sana. Unatupa mji gani?"

"Nawapa Kwemakame," alisema Shehondo.